Udhuru wa Marehemu

Kamati ya kanuni ilikuwa na watu wanne na viti vitatu, kwa hiyo aliyechelewa kufika alikalia kinanda. Jumamosi hiyo aliyechelewa alikuwa Mama Majoho, fundi cherehani, ambaye jina hilo alilipata kwa kushona majoho ya kwaya miaka kumi na tisa bila hata moja kufumuka bega. Aliweka mkoba sakafuni, akafunika kinanda kwa kitambaa, akakaa. Kinanda kikatoa mlio mrefu wa malalamiko.

"Hata chombo kimeisikia ajenda," alisema mchungaji.

Aliyecheka ni Wakili peke yake. Wakili hakuwa wakili. Alikuwa karani wa mahakama, ila alivaa tai hata siku ya kufua nguo, na jina likamganda. Mwenyekiti hakucheka. Huyo alikuwa mpima ardhi mstaafu ambaye usharika mzima ulimwita Futikamba, naye aliitika, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kuona aibu katika kupima kitu sawasawa.

Walikutana sakristia, chumba chenye harufu ya mishumaa na vitabu vya nyimbo vilivyoliwa pembe na panya. Dayosisi ilikuwa imeandika barua kwamba kila usharika uzitazame upya kanuni zake kabla mwaka haujaisha. Kanuni za usharika huu zilikuwa na vifungu arobaini na viwili, na wa mwisho kuvigusa alikuwa mchungaji ambaye picha yake ukutani ilishapauka hadi ndevu zikatoweka. Kamati ilikuwa Jumamosi ya saba kazini. Siku hiyo walikuwa wamefika kifungu cha kumi na saba.

Wakili alikisoma haraka, kama mtu anayepita mbele ya msiba. "Mtoto wa mama asiye na ndoa atabatizwa siku ya Alhamisi, ofisini, mbele ya mashahidi wawili."

Wote wakaangalia sakafu kwa adabu. Hakuna asiyejua kwamba Mama Majoho alikuwa na mjukuu wa kike wa miezi minne, na kwamba mjukuu huyo hakuwa na baba wa kuonyesha watu.

"Tukifute," alisema mchungaji.

"Mimi sina neno na mtoto," alisema Futikamba. "Mtoto hana kosa. Lakini jiwe la mpaka ukilisogeza leo kwa ajili ya jirani mwema, kesho utalisogeza kwa ajili ya jirani mbaya, na keshokutwa hakuna shamba."

"Mzee, mtoto si shamba," alisema Mama Majoho.

"Nimesema jiwe. Sikusema mtoto."

"Basi hilo jiwe mmeliweka juu ya kifua cha mtoto."

Futikamba akaitisha kura. Watatu kwa mmoja. Aliyeshindwa ndiye aliyeandika matokeo, kwa mwandiko mzuri uleule aliotumia kuandikia ramani, kwa maana alihesabu kuwa ameshindwa, hajatukanwa.

Mama Majoho alishusha pumzi. Jambo alilolitaka halikuwa kubwa. Binti yake, msaidizi wa maabara, alikuwa amepata kazi hospitali ya mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na angeondoka na mtoto mwanzoni mwa mwezi. Jumapili ya ubatizo ilikuwa siku mbili kabla ya safari. Habari ya Alhamisi binti alishaikataa tangu mtoto hajafikisha arobaini. "Mwanangu si barua, mama, akapokelewe ofisini na kugongwa muhuri," alisema. "Kama ni Alhamisi, abaki hivyohivyo. Akikua atachagua mwenyewe." Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Mama Majoho kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka amwone mjukuu wake akimwagiwa maji mbele ya watu aliowashonea nguo, mchana kweupe, basi. Baada ya hapo waende salama.

"Sasa tuko huru," alisema.

"Bado," alisema Wakili. Alikuwa amefungua ukurasa wa mwisho, na sura yake ilikuwa imebadilika. "Kifungu cha arobaini na mbili. Kanuni zitabadilishwa na mkutano wa usharika uliohudhuriwa na theluthi mbili ya washiriki walioandikwa kitabuni."

"Walioandikwa ni wangapi?" aliuliza mchungaji.

"Mia sita na kumi na wawili."

"Kwa hiyo tunahitaji watu mia nne na wanane? Hapa siku tukijaa hatufiki mia tatu. Hao wengine wako wapi?"

"Makaburini," alisema Futikamba.

Ikawa kweli. Walipolipekua daftari kubwa la washiriki, mstari kwa mstari, walikuta marehemu mia moja tisini na saba, wote wakiwa washiriki halali. Kifungu cha tisa kilisema jina hutoka kitabuni kwa njia mbili tu: barua ya uhamisho iliyosainiwa na mchungaji wa huku na wa kule, au kufutwa kwa kutofika Meza ya Bwana. Kufa hakukutajwa. Labda aliyeandika alisahau, labda aliamini kifo hakimwondoi mtu kanisani. Wachungaji waliofuata hawakutaka kugusa, kwa maana kwenye ripoti za dayosisi usharika ulionekana unakua kila mwaka, na kweli ulikua, kwa upande mmoja.

"Tuwaandikie barua za uhamisho," alisema Wakili. "Si wamehama? Mchungaji anasaini huku."

"Na kule anasaini nani?" aliuliza Futikamba.

Mchungaji aliangalia dari. "Sina pa kuipeleka," alisema.

Ikabaki njia ya pili, nayo ilikuwa kifungu cha kumi na moja. Wakili alikisoma polepole, maana alishaona kinapoelekea. Majina ya wasiofika Mezani mwaka mzima yatasomwa ibadani. Ndugu yeyote ajuaye udhuru wa aliyetajwa atasimama na kuusema, na jina litabaki. Asiposimama mtu, jina litafutwa.

"Yaani tuwasome marehemu kama watoro," alisema mchungaji.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na ndugu akisimama akasema huyu amekufa?"

"Udhuru halali kabisa," alisema Futikamba. "Sijui mwingine unaouzidi. Jina linabaki."

"Basi ndugu wote wanyamaze," alisema Wakili. "Au wengi wao. Mtu apite nyumba kwa nyumba awaombe, Jumapili ijayo tusome, tukitoka hapo tuingie mkutanoni." Kisha akamgeukia Mama Majoho, na wengine nao wakamgeukia. "Mama, wewe ndiye unayeijua kila nyumba. Uliyewapima viuno, wapime na mioyo."

"Nyie wanaume wenye pikipiki mna kazi gani?"

"Sisi tukiingia watadhani tunadai mchango."

Akaichukua orodha, kurasa tano, akaikunja ndani ya mkoba. Jina la mumewe lilikuwa ukurasa wa nne, karibu na mwisho. Alikuwa ameliona mapema, kama mtu anavyoona doa kwenye kitambaa cheupe kabla hata hajakikunjua. Mumewe alikuwa mpokezi wa mlango wa kulia miaka ishirini na miwili. Alipokea watu akiwa na homa, alipokea watu siku aliyovunjika kidole cha mguu, amekitia kwenye ndala. Alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Mtu wa kumwita mtoro hakuwa amezaliwa.

Jumatatu akaanza.

Kinyozi alimsikiliza huku akimnyoa mteja. Baba yake alikuwa ukurasa wa kwanza. "Mzee wangu?" alisema. "Msomeni tu, Mama Majoho. Kanisa alikuwa mvivu hata alipokuwa na pumzi. Mkimwita mtoro atasema mmechelewa." Mteja alicheka hadi kinyozi akamshika kichwa kwa nguvu. "Tulia wewe, nitakukata sikio, nawe usomwe."

Mkunga mstaafu alikuwa na watu wanne kwenye orodha: mume, kaka wawili na mama mzazi. Aliomba aonyeshwe majina yote manne kwa kidole, kwa kuwa miwani ilikuwa haimsaidii tena. "Nisimame mara nne?" alisema. "Magoti yangu yanajua kusimama mara moja, na hiyo ni asubuhi. Nitakaa." Alimsindikiza mgeni hadi mlangoni. Pale akamshika mkono. "Ila mwambie mchungaji asome taratibu. Asiwakimbize."

Wengine waliuliza maswali mengi, wengine hawakuuliza hata moja. Mwenye duka la vipuri alisema hataki kusikia habari hiyo, akageuka kupanga boliti, na Mama Majoho akamwandikia alama ya kuuliza. Kwa kila nyumba alisema yaleyale: si kuwatenga, ni kuhesabu, tukishabadilisha kanuni tutawafungulia daftari lao, waandikwe kwa heshima. Alisema habari ya mjukuu wake pale tu alipoulizwa. Lakini watu hawakuuliza, kwa kuwa walijua, na wengi walikubali kwa sababu hiyohiyo waliyoogopa kuitaja.

Alhamisi alifika kwa Futikamba. Ua wake ulizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, yote umbali mmoja. Alimkuta akinywa chai, akamwongezea kikombe.

"Umekuja kuniomba ninyamaze kwa mke wangu," alisema.

"Nimekuja, mzee."

"Nitasimama."

"Nilijua."

"Sisimami kukukomoa. Nilikupinga Jumamosi mbele yako, na mkutanoni nitakupinga mbele yako. Hili ni lingine. Kanuni inaniuliza kama najua udhuru wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemfunika uso. Nikikaa nitakuwa nimesema sijui."

Mama Majoho alizungusha chai kwenye kikombe. "Hata kama mjukuu wangu ataondoka hivihivi?"

"Wewe ungeniheshimu nikikaa?"

Walikunywa. Nje mtu alipita akiuza mifagio, akaita mara mbili, akaenda zake.

"Na wewe?" aliuliza Futikamba. "Jina la wa kwako likisomwa?"

"Mimi ndiye ninayewaomba wenzangu wakae, mzee. Nitasimama na uso gani?"

Futikamba alimwangalia kwa muda kama anavyoangalia mteremko kabla ya kusema ni nyuzi ngapi. Kisha akasema, "Ongeza sukari," na hilo halikuzungumzwa tena.

Kufikia Jumamosi alikuwa amebisha hodi nyumba tisini na moja. Nyumba pekee ambayo hakubisha ni yake.

Si kwamba nafasi ilikosekana. Kila jioni binti yake alikuwa palepale, akikunja nguo za mtoto kwenye sanduku la safari, akizikunjua na kuzikunja upya. "Mama, wiki nzima unatoka asubuhi unarudi na vumbi," alisema siku moja. "Kuna nini?"

"Mambo ya kamati."

"Kamati siku hizi ina miguu?"

"Tunaweka sawa ile habari ya Alhamisi. Ukisikia Jumapili, utasikia."

Binti alimwangalia, akataka kusema kitu, mtoto akalia. Mama Majoho akashukuru kimoyomoyo, akaenda kuketi kwenye cherehani. Angemwambiaje? Kwamba baba yako atasomwa pamoja na watoro, na mimi nitakaa kimya, kwa ajili ya mwanao? Binti huyu ndiye aliyemuuguza baba yake miezi mitano ya mwisho, kumgeuza, kumlisha, kumkata kucha. Alijiambia ni afadhali asijue. Alijiambia pia kwamba binti hukaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu ya mtoto, na mara nyingi hutoka nje wakati wa matangazo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Jumapili watu walikuwa wengi. Walishasikia, na jambo la namna hiyo halimwachi mtu nyumbani. Wapokezi waliwahesabu washiriki wenye haki ya kura milangoni, mmoja kulia, mmoja kushoto, na baada ya mahubiri wakampelekea Wakili kipande cha karatasi. Mia mbili themanini na watatu. Wakili alipiga hesabu nyuma ya kitabu cha nyimbo, kisha akainama kwa Mama Majoho, aliyeketi mbele yake.

"Wakisimama tisa, tumepita," alinong'ona. "Wakisimama kumi, tumekwama."

Mchungaji alisoma kifungu cha kumi na moja kama kilivyo. Hakuongeza neno. Kisha akaanza majina, na akasoma taratibu.

Watu walikuwa wamedhani itakuwa kama orodha ya zamu za usafi. Haikuwa hivyo. Jina la mtu likisomwa lote, la kwake na la baba yake, kwenye jengo alilosaidia kubebea matofali, linachukua nafasi yake. Mabenchi, moja moja, yalianza kuguna. Mtu alipenga kamasi. Mkunga mstaafu alikuwa ameinamisha kichwa, na mama yake mzazi alipotajwa, midomo yake ilisogea, lakini alikaa kama alivyoahidi.

Wa kwanza kusimama hakuwa Futikamba. Alikuwa kinyozi, na alisimama hata kabla jina la baba yake halijaisha.

"Ana udhuru," alisema, na sauti ikamgeuka.

"Udhuru gani?" aliuliza mchungaji, kwa kuwa utaratibu ulimtaka aulize.

"Amekufa, mchungaji. Si unajua?"

"Jina linabaki."

Kinyozi alikaa, akajifuta uso kwa kiganja, na jirani yake akampa leso bila kumwangalia. Baada yake akasimama mwenye duka la vipuri. Kisha Futikamba, wima kama nguzo ya mpaka: "Ana udhuru. Amefariki. Mwaka wa kumi na moja sasa." Kisha dada wawili wa kwaya, kwa baba yao mmoja, wakahesabiwa mara moja. Kisha mzee mmoja aliyesema udhuru wa kaka yake kwa sauti ndogo hivi kwamba aliombwa arudie, akarudia kwa sauti ndogo zaidi. Watano. Wakili aliuweka mkono wake juu ya goti, vidole vyote vimenyooka.

Ukurasa wa nne. Mama Majoho alijua ni jina la ngapi kutoka chini. Alishika ukingo wa benchi. Alikuwa amejiandaa kama mtu anavyojiandaa kung'olewa jino: itauma, itapita. Mchungaji alimsoma mumewe, jina kamili, lile ambalo hakuna aliyemwita nalo isipokuwa siku ya ndoa na siku ya kaburi. Alipolimaliza alinyamaza kuliko alivyonyamaza kwa wengine. Mlango wa kulia ulikuwa wazi. Watu waliokaa karibu na Mama Majoho waliangalia mbele. Wote walikuwa wamebishiwa hodi naye, na sasa walikuwa wanamsubiri.

Alikaa. Alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Mchungaji alivuta pumzi kwa ajili ya jina linalofuata.

"Ana udhuru."

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Mama Majoho hakuhitaji kugeuka, lakini aligeuka kama wengine wote. Binti yake alikuwa amesimama, mtoto begani, mkono mmoja ukimpigapiga mgongo.

"Huyo haruhusiwi kusema," alisema mzee mmoja wa baraza kutoka kiti cha mbele. "Yuko nje ya Meza tangu azae bila ndoa. Kifungu cha kumi na nane."

Minong'ono ikaanza. Wengine walisema kweli haruhusiwi, wengine walisema mwacheni. Mchungaji aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Ndipo Futikamba aliposimama tena, safari hii akiwa na kijitabu cha kanuni, akavaa miwani bila haraka.

"Kifungu cha kumi na nane," alisema, "kinasema aliye nje ya Meza hatapiga kura wala hatasema katika mkutano wa usharika. Hapa tuko ibadani. Mkutano haujafunguliwa. Na kifungu cha kumi na moja kinasema ndugu yeyote. Hakikusema ndugu mshiriki. Kingetaka kusema hivyo kingesema." Akavua miwani. "Endelea, binti. Udhuru gani?"

"Amefariki," alisema binti. "Nilikuwepo. Alikuwa anauliza kama ni Jumapili, kwa sababu alitaka kuvaa viatu."

"Jina linabaki," alisema mchungaji, na ilibidi atafute kwa kidole mahali alipokuwa ameishia.

Baada ya hapo alisimama mmoja tu, ukurasa wa tano. Wakawa saba. Majina mia moja na tisini yakafutwa kwa ukimya wa ndugu zao, kitabu kikabaki na majina mia nne ishirini na mawili, theluthi mbili yake ikawa watu mia mbili themanini na wawili, na waliokuwepo walikuwa mia mbili themanini na watatu. Wakili alirudia hesabu mara tatu mbele ya baraza, na mara zote ilitoka ileile. Mkutano ukafunguliwa. Waliokuwa nje ya Meza wakaombwa kutoka, na binti akatoka na mtoto, akasimama chini ya dirisha.

Vifungu vingine havikuchukua muda. Cha kumi na saba kilichukua saa nzima. Yakasemwa ya jiwe la mpaka na yakasemwa ya mtoto na jiwe. Mama mmoja wa kwaya alisema yeye mwenyewe alibatizwa Alhamisi, kwamba hakuwahi kumwambia mtu, na kwamba anakumbuka alivyohadithiwa jinsi bibi yake alivyosimama nje ya ofisi kwa sababu mashahidi walikuwa wawili tu na nafasi ilijaa. Alipokaa, maneno yaliwaishia waliokuwa bado na maneno. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Waliotaka kifutwe walikuwa mia moja tisini na sita. Futikamba alinyoosha wa kupinga, juu kabisa, ahesabiwe vizuri. Kisha, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, akatangaza kwamba ameshindwa, na kwamba kifungu hakipo tena kuanzia dakika hiyo.

Mama Majoho alitoka kwa mlango wa kulia. Watu walimshika mkono, wakamwambia hongera, na wengine wakamwambia pole, na hakujua lipi ni la nini. Binti alikuwa bado chini ya dirisha. Alikuwa amesikia yote.

Walitembea hadi nyumbani. Mtoto alilala njiani. Walipofika binti alimlaza, akarudi, akasimama mlangoni mwa chumba cha cherehani. Mama yake alikuwa ameketi, hajavua hata viatu.

"Ulijua litasomwa," alisema binti.

"Nilijua."

"Wiki nzima ulijua. Ukaniangalia nikikunja nguo na ulijua."

"Nilijua, mwanangu."

"Nilikuwa nakuangalia kichwa. Nikasema sasa anasimama. Sasa anasimama. Nisingesimama mimi, ungekaa tu?"

Mama Majoho alitafuta jibu ambalo lingekuwa kweli na lisiume, akaona hakuna. "Ningekaa," alisema. "Nisingeweza kuwaambia watu tisini wakae nami nisimame. Na nilimtaka huyu." Alionyesha kwa kidevu chumba alikolala mtoto. "Baba yako nimekaa naye miaka thelathini na moja. Huyu anaondoka baada ya siku tisa."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningesema heri Alhamisi."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Binti alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala hasira, kile cha mtu aliyeona hesabu imetoka sawa na bado haimpendezi. Aliketi kwenye kigoda karibu na mashine, akavuta viatu vya mama yake, kimoja, kisha kingine, akaviweka ukutani.

"Mimi bado nimekasirika," alisema.

"Kasirika tu."

"Nitakasirika hadi Jumapili."

"Jumapili una kazi. Kasirika hadi Jumamosi."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na watoto watatu wa kubatizwa. Wawili waliletwa na baba na mama zao, wakapokelewa kwanza, kwa kuwa ndivyo katibu alivyowapanga, na hakuna kifungu kilichosema wapangwe vipi. Wa tatu aliletwa na mama yake na bibi yake. Mchungaji alimwaga maji mara tatu, kama kwa wengine. Mtoto alifumbua jicho moja, akaona watu, akalifumba. Futikamba, benchi la tatu, alisema amina pamoja na watu wote. Binti alimwinua mtoto ili waliokaa nyuma wamwone, na Mama Majoho, ambaye alikuwa ameshika kitambaa cha kumfutia kichwa, alisahau kukitumia hadi maji yakashuka yenyewe shingoni, yakalowesha mkono wake.